Nilibana Kiuno cha Gauni Lisilokuwa Langu

Nilikosa mimi. Nalisema mwanzo kabisa ili usije ukafika katikati ukanihurumia. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenidanganya, wala sikuwa na hasira siku ile. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, na gauni halikuwa langu.

Najua utasema: gauni tu? Mtu mzima anaungama kwa ajili ya gauni? Ndiyo, gauni! Gauni la pamba la kuvaa kiangazi, jeupe lenye majani madogo ya kijani, mikono mifupi, mifuko miwili. Kwa gauni hilo nimempoteza mtu pekee niliyebaki naye duniani.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Baba alitangulia, mama akamfuata, nikabaki na mdogo wangu wa kike. Nitamwita Riziki, ingawa si jina lake. Tulizaliwa Tanzania, upande wa Karagwe, mama akaturudisha Kigali tukiwa watoto. Tulipanga Kimisagara, kule bondeni ambako ukipiga chafya jirani anakuombea afya.

Mama alikuwa mshonaji. Alipofariki nilikuwa darasa la sita, na Riziki alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Niliacha shule nikakaa kwenye cherehani ya mama. Sikuaga hata walimu. Nimeikanyaga mpaka leo: zipu zilizokufa, pindo zilizofumuka, suruali za mitumba za kufupisha. Tulikula. Riziki akasoma. Sikuwahi kumwambia kwamba nilitamani kusoma na mimi. Niliapa sitamwambia kamwe.

Kumbuka kiapo hicho. Nitakirudia.

Mama hakuwahi kushona kwa karatasi. Alikuwa anakutazama, anakuzungushia kamba ya kupimia, anakata. Na alikuwa na neno lake: "Gauni lisilo na kiuno ni gunia la mihogo." Mwanamke aliingia kwetu amechoka, akatoka na gauni jipya anatembea kama bibi harusi. Nilirithi cherehani, nikarithi na neno lile. Nililibeba kama amri ya Mungu.

Riziki yeye alijifunza ushonaji kwenye kituo cha ufundi, kwa karatasi na rula. Alipomaliza, akasikia kwamba kuna ateliye, karakana ya ushonaji, kule Kagarama inatafuta mshonaji mmoja. Mwenye ateliye, wanamwita Madamu, aliwapa wote waliotaka nafasi hiyo kitambaa na patroni, akawaambia: kashoneni nyumbani, mlete Jumatatu.

Patroni ni ile karatasi iliyochorwa kila kipande cha nguo, mbele, nyuma, mkono, mfuko. Unaiweka juu ya kitambaa, unafuata mstari. Riziki aliitandika sakafuni, akaiwekea vijiko na kopo la chumvi pembeni isijikunje. Mimi nilikuwa nachambua maharage.

"Hii mbona pana hivi?" nikamuuliza.

"Iko vile wanataka, dada."

"Wanamvalisha nani, tembo?"

Akacheka. "Dada, bwana! Iko gauni ya jua hii. Upepo upite. Tena pamba haijafuliwa, ikifuliwa itarudi."

"Na kiuno kiko wapi?"

"Hakuna kiuno."

"Hakuna kiuno! Mama angekusikia angekunyang'anya mkasi."

Hakuinua hata macho. Alikuwa anachora kwa chaki, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. "Mama hayuko, dada. Iko Madamu. Na Madamu amesema karatasi ndiyo inaongoza. Usiongeze, usipunguze."

Unasikia? Aliniambia! Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili. Usiongeze, usipunguze. Sitajitetea mbele yako kwamba sikujua.

Nilisikia pia yale maneno ya kwanza. Mama hayuko. Hakuyasema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesema leo ni Jumanne. Lakini yalinichoma, nikainamia maharage yangu.

Alishona juma zima. Nilikuwa nikipita nyuma yake na ufagio, nikipita na ndoo, nikimchungulia. Nilipomwambia "vuta kitambaa," alisema "ndiyo dada" na hakuvuta. Mfuko mmoja aliufumua, akaushona, akaufumua tena. Nikamwambia anapoteza uzi. Akaendelea kufumua. Alipomaliza akaniita nitazame, na mimi nikatazama nisione mfuko. Majani ya mfuko yalikuwa yameungana na majani ya gauni, kikonyo kwa kikonyo, mpaka mfuko umepotea ndani ya kitambaa.

"Mfuko uko wapi?" nikauliza.

Akatia mkono wake ndani, akanipungia vidole akiwa amejificha humo. "Uko hapa!"

Nilicheka naye. Lakini moyoni, ndugu yangu, kuna kitu kilijikunja. Mimi sikujua kufanya vile. Mama pia hakujua. Nimekanyaga cherehani ujana wangu wote, na huyu mtoto niliyemfuta kamasi ananionyesha kitu kwenye nguo ambacho sikijui!

Jioni ya Ijumaa gauni lilikuwa limekwisha. Alilitundika kwenye msumari ukutani. Nilikuwa nalitazama, na kila nikitazama naona gunia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Asiyejua, ni ile asubuhi tunapotoka sote kufanya kazi za mtaa, maduka yamefungwa, barabara kimya. Kila nyumba inatoa mtu. Kwetu huwa naenda mimi. Sijawahi kukosa, muulize yeyote.

Siku hiyo nilisema mgongo unaniuma.

"Pole, dada. Nitaenda mimi," Riziki akasema, akachukua jembe. "Usiinue kitu, lala tu."

Hapo ndipo uongo wangu ulipoanza. Mgongo haukuwa na kitu.

Alipopotea kwenye kona, nikalishusha gauni. Nikaligeuza ndani nje. Nikafumua mshono wa ubavu huu, nikafumua na ule. Nikaingiza kiuno kama mama alivyonionyesha, na mgongoni nikaweka mikunjo miwili ya kubana. Halafu kitambaa kilichobaki pembeni nikakikata. Mama hakupenda kitambaa kingi ndani ya mshono, alisema ni uchafu wa fundi. Kwa hiyo nilikata! Ningekuwa nimebana tu bila kukata, ningeweza kufumua. Nilikata karibu kabisa na uzi.

Mama Fils, jirani yetu, alikuwa na mtoto mchanga, hakwenda umuganda. Akaja dirishani na mtoto mgongoni. Yeye ametoka Bujumbura, akikutania hujui kama anatania.

"Weye! Mgongo umepona?"

"Unaniuma, Mama Fils. Nimekaa tu."

"Eeh, umekaa na mkasi. Si ndiyo kazi ya mtoto hiyo?"

"Namsaidia."

"Umemuuliza?"

"Mama Fils, huyu nimemlea mimi."

"Najua umemlea. Nauliza kama umemuuliza."

"Ameshona gunia! Wamuone wamcheke?"

Akambembeleza mtoto mgongoni, akatikisa kichwa. "Mimi mume wangu akinitilia chumvi kwenye sufuria bila kuniuliza, siku hiyo anakula peke yake." Akaondoka akijichekea.

Nilimchukia kwa muda mfupi. Halafu nikaendelea.

Nilipomaliza, nikalinyoosha kwa pasi, nikaliinua mbele ya kioo. Lilikuwa zuri! Siwezi kudanganya. Kiuno kilikaa, sketi ikamwagika. Nikajiambia, Riziki atapata kazi kwa kiuno hiki, na siku moja nitamwambia, tutacheka. Vipande nilivyokata nikavichoma kwenye jiko la mkaa.

Mtu anayefanya jambo jema, mbona anachoma vipande? Sikujiuliza.

Sauti za watu wanaorudi ziliposikika, nikalikunja haraka, nikalifunga kwa karatasi, nikalizungushia kitenge na kupiga fundo. Riziki aliingia na tope mpaka magotini. Walikuwa wanazibua mtaro.

"Nimekunyooshea gauni," nikamwambia. "Nimekufungia kabisa. Usilifungue, litakunjamana."

Mtoto wa watu akaacha jembe mlangoni, akanikumbatia na tope lake lote. "Na mgongo unauma hivyo! Asante, dada. Mimi bila weye ningekuwa wapi?"

Yale mengine yote yana dawa, nadhani. Asante ile haina dawa.

Jumapili nilikuwa nayo nzima. Kanisani alikuwa amekaa karibu yangu, bega kwa bega. Nilifungua mdomo wakati wa kurudi, tukipanda mlima, nikasema, "Riziki." Akasema, "Mm?" Nikasema, "Jua kali leo." Mchana tulipokuwa tunakula, alisema anaogopa Jumatatu. Nikamwambia asiogope. Ningeweza kumwambia pale! Angenipigia kelele, angelia, angeazima kitambaa cha kuungia, angejua la kufanya. Angalau angefika mbele ya watu akijua amebeba nini. Nilimnyima hata hilo.

Jumatatu asubuhi alipanda pikipiki na furushi mapajani, akanipungia mkono.

Alirudi kabla ya mchana. Nilijua kwa jinsi alivyofungua mlango, taratibu, kama mtu anayeingia kwa mgonjwa. Hakuwa na furushi.

"Dada," akasema. "Ulikata."

"Nilirekebisha."

"Ulikata. Nililifungua mbele yao, nikadhani nimebeba la mtu mwingine. Madamu akaweka karatasi yake juu. Halikukaa popote."

"Lakini lilikuwa zuri zaidi! Sema ukweli, halikuwa zuri?"

Alinitazama. Nilitamani anipige.

"Lilikuwa zuri," akasema. "Halikuwa langu."

"Nilitaka kukusaidia."

"Weye unanisaidia mpaka mimi siko tena."

Na hapo, badala ya kupiga magoti, nilifanya kosa ambalo ni kubwa kuliko la mkasi. Nilivunja kiapo changu. Nilimwambia, kwa sauti ambayo Mama Fils aliisikia mpaka kwake: "Niliacha shule kwa ajili yako! Unafikiri nani amekuvalisha? Nani amekulisha? Leo unanihesabia vipande vya kitambaa?"

Akasema polepole, "Sikukutuma uache."

Akakusanya nguo zake. Rafiki yake mmoja alikuwa na chumba Kinyinya, kule wanakojenga kila siku. Aliacha mkasi wake, kamba yake ya kupimia, chaki, vyote, juu ya cherehani. Hilo ndilo lililonitisha. Mshonaji haachi mkasi wake.

Baadaye nikasikia kwamba anafanya kazi ya ujenzi, anawasaidia waashi. Anabeba mchanga, anabeba saruji iliyochanganywa kwenye karai. Vidole vile vilivyounganisha kikonyo na kikonyo! Nilipiga simu, hakupokea. Niliandika ujumbe, hakujibu.

Ungefikiri hapo nilijirudi. Wapi! Nilimkasirikia Madamu. Nikasema ni mwanamke mwenye kiburi, hajui nguo, amemvunja moyo mdogo wangu. Wiki kadhaa nililea hasira hiyo, mpaka siku moja nikavaa gauni langu la kanisani nikaenda Kagarama kumwambia.

Ateliye ni chumba kirefu chenye madirisha makubwa. Mmoja anakata, mwingine anashona mabega, mwingine mikono, mwingine vifungo, nguo inapita kutoka meza hadi meza. Madamu ni mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia shingoni.

"Nimekuja kuulizia gauni la mdogo wangu," nikasema, nimesimama wima. "La majani ya kijani. Nataka kujua lilikuwa na ubaya gani."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Umekulia wapi wewe? Kiswahili chako si cha hapa."

"Karagwe."

"Mimi Mwanza. Kaa."

Alilitoa kwenye sanduku, akalitandaza mezani, akavaa miwani.

"Halina ubaya," akasema. "Limeshonwa vizuri. Lakini angalia hapa kwangu. Huyu wa mikono hajui aliyekata amefikiria nini. Anaamini karatasi. Mmoja akijifanya anajua kuliko karatasi, wote wanaomfuata wamepotea. Na kitambaa hiki hakijafuliwa. Mteja akikifua kitarudi, kiuno hiki kitamkaba. Sikuwa natafuta fundi wa maajabu. Natafuta mtu ninayeweza kumwamini na karatasi."

Yote hayo Riziki alishaniambia akiwa amepiga magoti sakafuni.

Madamu akageuza gauni, akapitisha kidole kwenye mfuko, halafu kwenye kiuno. "Hii ni mikono ya watu wawili. Mimi si kipofu. Nilimuuliza yule binti, kuna mtu amekugusia kazi? Niambie tu, nitakupa kitambaa kingine, urudie. Nilimuuliza kwa upole kabisa. Unajua alinijibu nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Akasema, 'Hapana, Madamu. Ni mimi peke yangu.'"

Jamani!

Nilikaa pale kwenye kiti cha watu, cherehani zinalia pande zote. Angetaja jina langu tu, angepata kitambaa kingine. Angesema "ni dada yangu," na nafasi ingekuwa yake. Hakunitaja. Alisimama mbele ya watu wasiomjua akakubali kuitwa mtu asiyesikia maagizo, ili mimi nisiitwe chochote. Na aliporudi nyumbani hakuniambia hata hilo. Mimi ndiye niliyemrushia usoni shule yangu!

"Ni mimi," nikasema. "Kiuno ni mimi. Yeye hakujua mpaka alipofungua hapa."

Madamu akavua miwani yake taratibu. "Nilidhani hivyo."

"Mrudishie nafasi yake. Nakuomba, mama."

"Nilishampa mtu siku ile ile. Siwezi kumwinua aliyekaa." Akashika tena ule mshono wangu wa kiuno. "Mkono wako ni mzuri. Kibaya ni kichwa. Lakini nina wateja wanaotaka kupimwa mwilini, na hapa hakuna anayejua kubana hivi. Ukiweza kukaa na kichwa chako kimya, njoo ufanye kazi."

Sasa nitakwambia jambo ambalo sijamwambia padri.

Nilifurahi.

Mungu anisamehe, kabla ya kumkumbuka Riziki, nilifurahi! Kuna mtu ameuona mkono wangu! Na hapo ndipo nilipojijua. Sikubana kiuno kile kwa upendo, au si kwa upendo peke yake. Nilitaka mkono wangu uonekane. Nilitaka Kagarama waone na mimi nipo. Nilijificha ndani ya gauni la mdogo wangu, kama vile vidole vyake ndani ya mfuko, ila vyake vilikuwa mchezo.

Nikamwambia Madamu siwezi. Nikaona nimefanya jambo kubwa. Akanipa lile gauni, kwake halikuwa na kazi, nikaondoka nalo hadi Kinyinya.

Nilimkuta Riziki chini ya ghorofa ambalo halijamalizika, karai kichwani, kope zake zimekuwa nyeupe kwa saruji. Mwashi mmoja juu akapiga kelele, "Rizi, mgeni wako!" Akatua karai. Viganja vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi.

Nilimweleza yote pale pale nimesimama. Mgongo wa uongo. Vipande nilivyochoma. Alichosema Madamu. Nikamwomba msamaha, nikalia mbele ya waashi. Yeye hakulia. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua, akingoja ipite.

"Kwa nini hukunitaja?" nikamuuliza.

Akainua mabega. "Weye dada yangu. Ningekutaja vipi?"

Nikamwonyesha gauni. Nikamwambia naweza kuongeza kitambaa ubavuni, lirudi kama lilivyokuwa, hataona tofauti.

"Liache," akasema haraka. "Dada, liache tu!"

Nikaliacha. Halafu nikamweleza habari ya ile kazi, nikamwambia nimeikataa. Kwa ajili yake. Nilidhani hapo uso wake utalainika kidogo.

Ndipo alipokasirika! Siku zote hizo sikuwahi kumwona amekasirika hivyo.

"Umekataa kwa ajili yangu? Tena? Shule kwa ajili yangu, kazi kwa ajili yangu. Nitabeba ngapi, dada? Karai hii ni nyepesi kuliko hizo zako." Akaliinua kichwani. "Nenda kafanye hiyo kazi au usiende. Lakini usinifanye mimi sababu."

Akapanda ngazi ya mbao, hakugeuka.

Nilikwenda. Nasema kama ilivyo. Nilirudi Kagarama, nikamwomba Madamu, akanipokea. Wengine wataniita mwizi wa kiti cha mdogo wangu, na siku nyingine nikikanyaga cherehani ile najiita hivyo mwenyewe. Siku ya kwanza hakunipa mteja wa kupima. Alinipa patroni ile ile, ile pana, akasema, "Fuata." Niliifuata, mstari kwa mstari. Kila nilipofika kiunoni niliuweka mkasi chini, nikaushika tena. Gauni lilipokwisha, likatundikwa kwenye dirisha, upepo ukaingia chini yake na kulijaza. Nikaelewa ni nguo ya jua. Si gunia.

Riziki bado yuko Kinyinya. Nyumba ina kikombe chake na kitanda chake.

Ninyi mliolea wadogo zenu, mliokula mwisho ili wale kwanza, nawasemesha ninyi hasa. Kulea si hati ya kumiliki mtu. Ukiona mshono wa mtoto wako umepinda, muulize kwanza kama ndivyo anavyotaka. Atakwambia, nami namjua mmoja aliyesema mapema sana. Na kama mkono umeshakutangulia, mwambie siku ile ile, kabla hajafunga furushi, kabla hajakwambia asante! Msingoje kama mimi, mkaja kuwaandikia watu msiowajua yale mliyopaswa kuyasema mkipanda mlima kutoka kanisani.

Juzi simu yangu ililia. Ujumbe wake, wa kwanza tangu siku ile: "Mpe mtu wa pikipiki mkasi wangu na kamba ya kupimia." Hapakuwa na salamu. Hakusema ni vya nini.

Nilivichukua juu ya cherehani. Mkasi ulikuwa umekaa sana, ulikuwa butu, na pembeni una kutu kidogo. Mnoaji anakaa hapo chini tu, karibu na daraja, angeumaliza mara moja. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni!

Nikarudi nikakaa kitandani, nikaandika: "Niunoe kwanza?"

Jibu lilikawia. Nilikaa na mkasi mapajani, mtu wa pikipiki aliyemtuma ananingoja nje.

"Hapana," akaandika. "Uache vile uko."

Nikaufunga kwenye kitenge pamoja na kamba, vile ulivyo, butu, na kutu yake, nikampa mtu wa pikipiki.